Anayeanguka Kinuni

Kikao cha kumjadili Fundi Meno kiliitishwa Jumamosi saa nne asubuhi, na hilo peke yake lilitosha kumtia hasira. Ukoo mzima ulijua kwamba Jumamosi yeye huwa kazini hadi jioni. Ulijua hivyo kwa sababu ndivyo alivyowadanganya kwa miaka kumi na tisa, lakini uongo ukiheshimiwa muda mrefu namna hiyo, mwenye nao huuona kuwa ni haki yake.

Ukweli ni kwamba kazi yake, kutengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya kliniki, ilikwisha kila Ijumaa jioni. Jumamosi alikwenda kwenye konseti. Wala si konseti ya kukaa kwenye viti na kupiga makofi ya adabu. Ilikuwa konseti ya muziki wa metali na hadkoo, ndani ya ghala lililowahi kuwa kiwanda cha mbao, ambako magitaa hunguruma mpaka unayasikia kwenye mbavu na mwimbaji hupiga mayowe mpaka ukalihurumia koo lake. Alizokosa zilihesabika kwa vidole. Moja ilikuwa siku aliyomzika mama yake, na nyingine siku aliyougua mafua. Ya mafua ilikuwa bado inamuuma.

Leo saa nane mchana ilikuwa zamu ya bendi anayoipenda kuliko zote. Mkoba alikuwa amekuja nao, akauacha mlangoni: viatu vya kamba, pamba ya masikio, chupa ya maji, fulana nyeusi iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakabaki kusomwa na wenye imani tu. Badala ya kuvaa fulana hiyo alikuwa amekaa sebuleni kwa Baba Mkubwa, kwenye kiti cha katikati, kile kinachotolewa chumba cha kulia chakula kwa ajili ya mtuhumiwa.

Chanzo cha yote kilikuwa jicho. Jumamosi iliyopita alipigwa kiwiko. Aliyempiga ni karani wa benki, kijana mpole mwenye tai aliyoikunja mfukoni, na alimpiga bila kukusudia katikati ya wimbo wa tatu. Karani yule alimwomba radhi mara nne, akamtafutia barafu, akamshikia kwenye jicho kwa leso yake mwenyewe huku akisema, “Samahani sana dada, jamani, samahani.” Bosi wa Fundi Meno kule kliniki hakuwahi kumwomba radhi namna hiyo hata siku alipomfungia ndani ya karakana. Jumanne jicho lilikuwa rangi ya biringanya, na Jumanne hiyohiyo akakutana na Shangazi kwenye foleni ya dawa. Shangazi alimtazama, akafunga mdomo, akaenda zake upesi. Kwa Shangazi, kufunga mdomo kulimaanisha kwamba anautunzia kazi kubwa zaidi.

Basi wamekaa. Baba Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata nyumbani kwake watu huinua mkono kabla ya kusema. Shangazi na mkoba wake mapajani. Dada, mkubwa wake kwa miaka mitano, kimya pembeni ya dirisha, mikono mirefu ya gauni mpaka kwenye vidole ingawa joto la siku hiyo lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Shemeji, mume wa Dada, mwenye duka la vioo, kipenzi cha ukoo, aliyekuja na kreti ya soda kama kawaida yake. Na mwisho kabisa, karibu na mlango, Mwokaji, mume wa Fundi Meno, unga bado umemganda nyuma ya sikio.

Mwokaji ni mwanamume ambaye akiua mbu humwonea huruma. Aliwahi kumsindikiza mkewe kwenye konseti mara moja tu, akaziba masikio kwa donge la unga wa ngano, na likaumuka humo humo kwa joto la umati. Tangu siku hiyo hubaki nyumbani, na jioni husikiliza masimulizi yote kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Aliapa kwamba siri ya Jumamosi haitatoka kinywani mwake. Sasa macho yote ya sebule yalikuwa juu yake, na yeye akiyatazama magoti yake.

“Mwenye macho haambiwi tazama,” alianza Baba Mkubwa. “Tumeona. Hatukuja hapa kumwaibisha mtu.”

Fundi Meno alishusha pumzi. Moyoni alikuwa ameshapanga maneno. Wangemshambulia mumewe, na hapo ndipo angesema ukweli, hata kama ungemletea balaa, maana mtu hawezi kumwacha mume mwema achomwe kwa kosa la karani wa benki. Tena aliguswa kidogo. Alifikiri, kumbe wanaweza kunitetea hawa.

“Mwanangu,” Shangazi akamgeukia yeye, si Mwokaji. “Ndoa ina siri zake. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Wewe una mdomo, tunakujua toka utotoni. Mume akirudi amechoka, usimjibu. Mpe maji, mwache akae.”

Fundi Meno alidhani hakusikia vizuri. Miaka kumi na tisa mbele ya spika si mchezo, huenda masikio yalikuwa yameanza kumsaliti.

“Uvumilivu,” akaongeza Baba Mkubwa, na akalisema neno hilo kama anayeliandika ubaoni. “Na wewe, kijana.” Mwokaji akainua kichwa. “Mwanamume humrudi mkewe, sikatai. Lakini si usoni. Uso watu wanauona.”

Soda zilikuwa zinatoa povu lake kwenye glasi. Fundi Meno aliwatazama mmoja mmoja, watu waliombeba mgongoni, waliomfundisha kufunga kamba za viatu, akatafuta hata uso mmoja ulioshtuka kwa alichokisikia. Hakuuona. Shemeji alitikisa kichwa kwa hekima, akamsogezea Mwokaji chupa.

“Hasira hasara, kaka,” alisema. “Ukiona inapanda, toka nje, tembea kidogo.”

“Sijawahi kumgusa,” alisema Mwokaji. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Aa, usikane bwana,” Baba Mkubwa akampungia mkono. “Sisi ni watu wazima hapa. Hatujakuhukumu.”

Hilo ndilo lililomwinua Fundi Meno kwenye kiti. Kama wangemhukumu, angewaelewa. Walikuwa wameamini kwa moyo mmoja kwamba binti yao anapigwa, wakapanga siku, wakavaa vizuri, wakanunuliwa soda, wakaja kumwambia apunguze mdomo.

“Hili jicho,” alisema, “nilipigwa kiwiko kwenye konseti.”

“Kwenye nini?”

“Konseti, Shangazi. Metali. Ninakwenda kila Jumamosi. Sina kazi yoyote Jumamosi, sijawahi kuwa nayo. Tunarukaruka, tunagongana mabega, kiwiko kikanipata. Huyu alikuwa nyumbani anakanda mikate.”

“Makubwa!” Shangazi alisimama, mkoba ukaanguka. “Zile kelele? Za wale wenye mafuvu kifuani? Mwanamke mzima, miaka arobaini na mmoja, unagongana na wanaume gizani?”

“Saa nane mchana, Shangazi. Na taa zinawaka.”

“Kimya!” Baba Mkubwa alikuwa amesimama pia, na sasa ndipo sauti yake ya paredi ilipotoka, ile iliyokuwa ikifika mpaka nyuma ya vyoo vya shule. “Unalitia doa jina la ukoo huu! Miaka kumi na tisa! Na wewe, mume gani wewe? Unamwachaje mkeo akaumizwe na wahuni? Huna mkono?”

Mwokaji alitazama mikono yake kama anayehakikisha.

“Ngoja kwanza,” alisema Fundi Meno. “Ngojeni. Dakika tano zilizopita jicho hilihili lilikuwa siri ya ndoa. Nivumilie, ninyamaze, nilete maji. Sasa mmejua nililipata nikicheza, kwa furaha yangu, na aliyenipiga akaniomba radhi mpaka nikaona haya, ndiyo limekuwa aibu ya ukoo? Yaani mlikuwa radhi nipigwe na mume kuliko nigongwe na karani?”

“Usitujibu hivyo,” alisema Shangazi.

“Kule tunakogongana kunaitwa kinuni,” aliendelea, maana sasa mdomo ulikuwa umeshafunguka, ule mdomo wanaoujua toka utotoni. “Tunatwangana humo, kweli. Lakini kinu kina sheria. Akianguka mtu, walio karibu wanasimama palepale. Mmoja anatandaza mikono kuwazuia wengine, wawili wanamshika kwapani, mmoja huku na mmoja huku, anainuka. Hakuna anayemuuliza jina. Hakuna anayemwambia ajifunze kuanguka vizuri. Nyinyi mmeniona nimeanguka, kwa macho yenu mliniona, mkaja kunielekeza namna ya kulala chini!”

“Angalia adabu yako!” Shangazi sasa alikuwa analia kwa ghadhabu. “Muige dada yako! Hapo hapo ulipokaa ndipo tulipomkalisha yeye. Tulimwambia maneno haya haya. Akasikia, akanyamaza, na leo ndoa yake ina heshima mjini!”

Neno lilishatoka, na Shangazi mwenyewe hakujua kama ametoa kitu. Baba Mkubwa alikohoa. Shemeji akainua glasi yake, akaona haina kitu, akaiinua hivyo hivyo mpaka mdomoni. Pembeni ya dirisha, Dada alivuta mkono wa gauni ukafunika hata kucha.

Fundi Meno alimwona, na karakana nzima ikamrudia kichwani.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Dada alikuja kazini kwake, kiganja mdomoni, akasema ameteleza kwenye ngazi akiwa na ndoo ya maji. Fundi Meno alimkalisha, akachukua chapa ya kinywa, akamwaga humo plasta ya kunakili umbo la meno, akaingoja ikauke. Plasta haijui kuficha. Mtu akianguka kifudifudi, yanayoumia kwanza ni meno mawili ya mbele, na kabla ya meno, viganja. Ya mbele ya Dada yalikuwa mazima. Yaliyotoka yalikuwa matatu ya kushoto, kwa mpigo mmoja, upande ule ambao mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mbele yako unafika. Na viganja vyake vilikuwa safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Fundi wa mwaka wa kwanza angejua. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na mikononi mwake mlikuwa mmepita wanawake wengi walioteleza bafuni.

Hakuuliza. Shemeji alikuwa mtu wa soda na vicheko, na watoto wa Dada walikuwa wadogo bado, hawajaenda shule ya bweni. Alijiambia kwamba ngazi nyingine zina pembe mbaya. Alichagua rangi ya meno kwa muda wa saa nzima, akiyaweka dirishani, kwenye taa, karibu na shavu la Dada, mpaka ikalingana kabisa. Akayang'arisha kwa kitambaa laini. Kila mtu akamsifu kwamba hayajulikani kama ni ya bandia, naye sifa akazipokea.

Sasa hasira iliyokuwa ikienda kwa wazee iligeuka ikamrudia mwenyewe, na hiyo ilikuwa kali zaidi. Alivuka sebule. Alisimama mbele ya kiti cha Dada, mgongo kwa wengine, akatandaza mikono pande zote mbili.

“Nafasi,” alisema.

“Shemeji yangu, umeanza vituko,” Shemeji alicheka, akaanza kuinuka. “Mama watoto, chukua mkoba, twende nyumbani.”

“Nimesema nafasi!” Sauti hiyo alijifunzia mbele ya spika, na katika sebule ile ndogo vijiko viliitika kabatini. Shemeji akakaa.

Fundi Meno akainama, akamshika Dada kwapani upande wa kushoto. Dada alikuwa mzito, si kwa mwili. Hakusaidia, wala hakukataa. Fundi Meno alivuta, akahisi anaelekea kuanguka naye, kama aangukavyo kila anayemwinua mtu peke yake, na ndiyo sababu kinuni hakuna ainuaye peke yake.

Mwokaji alikuwa ameshafika. Hakuambiwa. Miaka yote ile ya kusikiliza masimulizi jikoni, mikono ndani ya unga, kumbe ilikuwa imeingia. Alimshika Dada upande wa kulia, taratibu, kama anavyotoa mkate mrefu kwenye tanuri, na Dada akainuka.

“Mkitoka kwenye mlango huo,” alisema Baba Mkubwa, “msirudi kuniamkia.”

“Sawa, Baba Mkubwa,” alijibu Fundi Meno. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitoka chumba kile bila kuinua mkono.

Mwokaji alikwenda nyumbani kutandika kitanda cha chumba cha wageni na kukaa mlangoni, kwa kuwa Shemeji angepita huko kabla ya jua kuzama. Fundi Meno, mkoba begani, alimwambia Dada kwamba anaweza kwenda kupumzika. Dada akauliza kama huko kinuni ni mbali. Kwa hiyo saa nane na robo wakawa ghalani, Dada amesimama ukutani, pamba masikioni, ameukumbatia mkoba wa mdogo wake kama mtu aliyeshuka stesheni asiyoijua.

Bendi ilipoanza, Dada aliruka. Kisha akazoea, au alichoka kushtuka. Fundi Meno hakuingia kinuni, alibaki kando yake, na hilo lilimgharimu, maana wimbo wa pili ulikuwa ule wake. Mbele yao duara lilifunguka na watu wakaanza kugongana: wanafunzi, mafundi bomba, mwanamke mmoja wa makamo anayeuza bima, karani wa benki na tai yake mfukoni. Katikati ya wimbo msichana mmoja mwembamba aliteleza akaenda chini. Kabla Dada hajamaliza kupiga ukelele, mikono ilikuwa imetandazwa, wawili wamemshika, msichana yuko wima, anacheka, mtu anamrudishia kiatu.

“Wanamjua?” Dada aliuliza sikioni mwake.

“Hawamjui.”

Dada alitazama muda mrefu. Wimbo ukaisha, watu wakapiga miluzi, wapigaji wakaanza kukaza nyuzi. Katika utulivu huo mfupi alisema, bila kugeuka, “Mimi sikuteleza kwenye ngazi.”

Fundi Meno alikuwa na njia rahisi ya kutoka. Angeweza kushtuka, angeweza kumkumbatia, na Dada asingejua maisha yake yote.

“Najua, dada,” alisema. “Nilijua siku ileile. Niliona kwenye plasta.”

Sasa Dada aligeuka. Fundi Meno alikuwa ameshamwona dada yake akilia, akicheka, akinyamaza kwa miaka. Uso huu hakuwahi kuuona.

“Ulijua?”

“Ndiyo.”

“Ulijua, ukanichagulia rangi?”

Alifungua mdomo, ule mdomo wake maarufu, haukutoa kitu. Dada aliingiza kidole shavuni, akayatoa yale meno matatu pamoja na kibao cha waridi kinachoyashikilia, akayafuta kwenye gauni, akayaweka kwenye kiganja cha mdogo wake na kukifunga kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

“Basi nishikie,” alisema, na maneno yakatoka na upepo penye pengo.

Akamtupia mkoba. Akakunja mikono ya gauni, wa kulia kisha wa kushoto, juu ya viwiko, na alama zote zilizokuwa zimefichwa zikaonwa na taa za ghala zima. Ngoma zikaanza. Dada akaingia kinuni kwa miguu yake, amefungua kinywa, anapiga mayowe juu ya mayowe ya mwimbaji.

Fundi Meno alibaki ukutani, meno kiganjani. Hakumwita arudi, wala hakuomba radhi kwa sauti ambayo isingesikika. Aliweka mkoba chini, akasogea mpaka ukingoni mwa duara, akasimama akimtazama, mikono tayari.